Korosho Tatu Puani

Ya kwanza ililiwa na Shimo la Mungu.
Ilitoka mkononi mwa Hokororo, ikainua pua
kama mtu aliyeitwa jina lake na asiyemjua,
ikasita angani,
ikapindukia kushoto, ng'ambo ya ukingo wa Newala.
Hatukusikia hata mlio.

Ya pili tumeikata kwenye povu gumu jeupe
lililokuja na friji ya mama yake Somoe,
jepesi, linalolia likiguswa kisu.
Leo hatuna haraka.

Somoe anaipakata kwa vidole viwili,
kimoja chini ya kila bawa,
theluthi moja kutoka ukingo wa mbele.
Inakalia mkia.
"Mkia mzito," anasema, "ndicho kile kiburi."
Anasogeza betri mbele. Bado.
Anatia mkono mfukoni mwa sketi ya shule,
korosho ghafi, moja, ya pili, ya tatu,
anazifunga puani kwa plasta,
na ndege inalala sawasawa, pua imeinama kidogo,
kama mkwe anapoamkia.

Hokororo anasukuma kijiti kulia.
Kibawa cha kulia kinapanda.
"Tena." Kinapanda.
(Kwenye ile ya kwanza nyaya zilipishana.
Tuligundua usiku, kila mtu kitandani kwake,
na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.)

Upepo unapanda kutoka Ruvuma.
Tunauuliza kwa konzi ya vumbi,
kisha tunaitupa ndege uso kwa uso nao.

Inavuta kushoto. Hokororo anagonga kitufe kidogo,
tiki, tiki, tiki.
Inanyooka.
Anaachia vijiti, mikono juu kama aliyekamatwa,
na ndege inaendelea, yenyewe.
Hakuna anayepiga makofi.

Kuruka, hata karatasi huruka.
"Punguza moto. Usiivute pua! Iache ishuke,
mbuzi wa Bakili watapisha."

Mbuzi hawakupisha.

Ilipofika kimo cha goti akaiinua pua kidogo tu,
kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani,
ikagusa, ikateleza kwa tumbo,
ikasimama hatua mbili mbele ya kwato.

Puani zimebaki korosho mbili.
Tunainama nyasini sote watatu, tunapapasa,
maana uzito ni uzito.
Pembeni mbuzi mmoja anatema kitu,
anatutazama
kana kwamba sisi ndio tuliompa.