Makanisa Mawili, Tiketi Moja

La Walutheri lilijengwa hapa hapa, Vesby.
La Wamethodisti liliburutwa juu ya theluji
kutoka ng'ambo ya reli,
magogo chini, farasi ishirini na wawili mbele,
likaegeshwa ubavuni mwa lile jingine
kama mke mwenza aliyefika bila taarifa.
Sasa ujia wa mbao umeyaunganisha
na tiketi ni moja, ingawa joto la hita
halijawahi kuvuka upande wa Wamethodisti.

Mimi ni mfuta vumbi. Jumatano na Jumamosi
Ardis Haugerud hufungua mlango kwa bega,
nami naanzia mimbarini, penye cherehani,
nashukia beseni la ubatizo, lililojaa vitasa,
nafika madhabahuni: kiti cha daktari wa meno
kimelazwa chali, kinaikodolea dari
kama mtu aliyekata tamaa na dawa za duniani.
Kila kitu kina kadi na namba.
Vitu vya watu waliohama.
Vitu vya watu ambao watoto wao walihama.

Jana akaja Orvald Stenerud, buti zikidondosha barafu.
"Wazee hawalipi," Ardis akamwambia.
"Mimi si mzee wa hapa, ni mgeni,"
akaweka dola tatu mezani.
Akaipita kofia ya zimamoto.
Kwenye picha ya timu ya besiboli, wavulana tisa,
akamgusa mmoja kwa kidole, akaenda zake
hadi benchi namba 214:
Msonobari, 1911. Tafadhali usikalie.

Akakalia.

Ardis akakohoa kikohozi cha makusudi.
Mkono wa yule bwana ulikuwa umezama chini ya ubao,
unapapasa kama wa mtu atafutaye yai gizani,
ukatulia.
"Ipo," akasema.

Nikapiga magoti na tochi yangu:
chingamu, nyeusi, ngumu kama kokoto,
na juu yake alama ya kidole gumba
cha mtoto wa miaka minane.

"Mahubiri yalikuwa marefu. Mama alisema nisitafune
mbele ya jeneza la Baba.
Sikujua pa kuiweka."

Treni ya ngano ikapita,
vioo vya rangi vikatetemeka pande zote mbili.
Kisha Ardis akafungua daftari,
akalamba ncha ya penseli:
214(b). Chingamu. 1951.
Zawadi ya familia ya Stenerud.

"Si zawadi," Orvald akasema, bado amekaa.
"Andika mkopo."