Namba za Jeptanui

Mkanda niliununua mtumbani, nyuma ya stendi,
kwenye ndoo ya chaja zilizokufa na rimoti zisizo na televisheni.
Mia nne, akasema. Akakubali mia tatu na hamsini
kwa kuwa ulinuka jasho la mtu wa mbali.

"Utemee mate," kocha Masibayi akaniagiza,
"ngozi kavu haisemi na chuma."
Nikautemea, nikaufunga chini ya matiti.
Kando yangu Jeptanui akikaza wake,
mpya, aliotumiwa na shemeji kutoka Doha.
Saa yangu ikatafuta, ikazunguka, ikazunguka,
ikalia mara moja: imepata.

Sheria ya Masibayi ni hii:
Alhamisi ni siku ya polepole.
Usivuke mia arobaini, hata ukipitwa na punda wa maji.
Ukivuka, tembea.
Ukiona aibu, tembea na aibu yako.

Tukaondoka Milimani bado giza,
tukaishika barabara ya Menengai, vumbi lina umande.
Kifua kikaniwaka kama jiko lililopepewa,
koo likawa msumeno,
magoti yakanidai deni la miaka kumi na saba
ya kusimama kaunta, nikiuza dawa ya kupe.
Nikatazama mkono: mia thelathini na mbili.
Mia thelathini na mbili!
Nikajiambia, basi haya maumivu ni ya mawazo tu,
namba haina sababu ya kunipendelea.
Nikaongeza mwendo.

Kwenye mikaratusi Jeptanui akachepuka kichakani.
Mimi sikusimama. Nikazidi kupanda,
na moyo wangu ukaanza kupumzika:
mia na kumi,
tisini na nane,
kisha vistari viwili, kimya,
kama mtu aliyekata roho huku anakimbia.
Aliponifikia, vistari vikawa namba tena.

Ndipo nikaelewa.
Mkanda wangu ulikuwa maiti tangu kwenye ndoo,
na saa, kwa kukosa wa kwake,
ilishika wa jirani.
Nilikuwa nimeupanda mlima mzima
kwa moyo wa Jeptanui.

Sikumwambia. Nilitaka nimwambie kule juu,
tukilitazama lile shimo na mvuke wake,
nimchekeshe hadi akae chini.
Lakini simu yake ikaita.
Akasogea hatua tatu, akanipa mgongo.
"Ndiyo. Sawa. Hapana, nimeelewa.
Asante kwa kunipigia."
Sauti ile ile ya kuagiza chai.
Mabega hayakutikisika.
Mkononi mwangu: mia ishirini na moja.
Mia arobaini na nne.
Mia sitini.
Mia sabini na tatu, na amesimama wima,
viatu sambamba juu ya jiwe.

Moyo wa mtu ni msitu wa giza, walisema.
Mimi nilikuwa nimeshika tochi
na hakuna aliyenikaribisha ndani.

Akarudi. "Nani?"
"Kazini tu," akasema,
akakaza kamba ya kiatu iliyokwisha kukazwa.
"Tushuke?"
"Tutembee kwanza. Nimevuka mia arobaini."
Akanitazama usoni, akatazama saa;
nikaifunika kwa mkono wa sweta.

Tukatembea.
Nikawa naichungulia kama mwanafunzi mwenye jibu la wizi.
Mia sitini na moja. Mia hamsini na tano.
Nikamsimulia ng'ombe wa mteja wangu wa Bahati
aliyekula gazeti zima akabakiza ukurasa wa michezo.
Hakucheka. Mia arobaini na saba.
Nikamsimulia tena, nikakosea mwisho.
Mia arobaini na mbili.
Punda wa maji wakatupita, mitungi ikigongana,
na kijana aliyewaswaga akatuuliza
kama sisi ndio wanariadha.
Mia thelathini na nane.

"Haya," nikamwambia Jeptanui,
"sasa naweza kukimbia."