Pedali ya Tatu

Siku ya kwanza haikuwaka.
Nilikanyaga klachi mpaka goti likalia,
nikazungusha ufunguo: kimya.
Si hata ule mguno wa stata inayokata roho.
Kimya cha Dakota ya Kaskazini mwezi wa tatu,
theluji imekuwa uji mweusi mlangoni mwa banda,
na mimi, mjane wa miaka sitini na miwili,
nimekaa ndani ya Ford ya sabini na nne
nikiitukana kwa Kinorwe cha bibi yangu,
maneno manne tu niyajuayo, yote mabaya.

Lunde wa shamba la pili akaja na kahawa yake.
"Betri," akasema. Si betri.
"Stata." Nikaigonga stata kwa nyundo,
kwa adabu, kisha bila adabu.
"Basi uza," akasema, akaenda kulisha ng'ombe.

Gari halina siri, lina mpangilio.
Nikalala chali juu ya kadibodi, taa kipajini,
nikaufuata waya mmoja kutoka kwenye ufunguo,
nyuma ya dashibodi, kando ya injini, chini,
mpaka ulipoishia hewani,
ncha mbili zikitazamana kama ndugu waliogombea urithi.
Otomatiki ilikuwa na swichi yake:
gia isipokuwa huru, stata hainyanyuki.
Sasa otomatiki iko nje chini ya turubai,
swichi imeondoka nayo,
na hakuna aliyezipa nyaya habari za msiba.

Juu ya ncha moja, kipande cha plasta ya hospitali,
kimekauka kama ganda la kitunguu,
na mwandiko wa Orvil, herufi kubwa
za mtu asiyeiamini kumbukumbu:
SIKU YA KURUDISHA KLACHI, UNGA NA ULE.

Hakuniambia.
Themanini na moja, mashine ya kupandishia ngano ghalani
ilimla mguu wa kushoto, chini ya goti,
na baridi ileile, gongo likiwa limeegemea bampa,
aling'oa giaboksi, akafunga otomatiki.
Tundu la pedali akaliziba kwa kibao cha namba cha zamani.
Giaboksi akaipaka grisi, akaivisha gunia,
akaisukuma uvunguni mwa meza ya kazi.
Nilidhani ni ubahili.
Miaka thelathini na mitano nilifagia nikiizunguka.

Nikaunga. Ikawaka.
Nililia? Hapana, nilisikiliza.

Maana tatizo likiondoka humwachia mwenzake kiti.
Rivasi ilikoroma kama mtu anayetafuna changarawe:
klachi haiachii. Fimbo yake ina nati ya kurekebishia;
nusu mzunguko, nikajaribu, nusu tena,
mpaka pedali ikawa na mchezo wa kidole gumba kabla ya kuuma.
Kidole changu, si cha Lunde.

Halafu mtetemo.
Kwenye maili arobaini na tano kioo cha nyuma
kiliniletea kila nguzo ya uzio mara mbili.
Nikalaumu tairi. Nikalaumu barabara ya kaunti.
Nikamlaumu binti yangu Janelle, aliyeshika ncha ya pili ya propela
huku simu imebanwa begani.
Kumbe ni mimi. Nilipoichomeka nilipitiliza jino,
misalaba ya mbele na nyuma ikapeana kisogo.
Jino moja!
Nikaichomoa, nikaigeuza, nikairudisha,
na sikumpigia Janelle kumwomba radhi. Nitampigia.

Taa za rivasi hazijawaka mpaka leo.
Mshale wa spidi unadai nakimbia hata nikitambaa; siubishii.
Na gia ya tatu huruka nikishuka kuelekea mtoni,
kwa hiyo naishika kwa kiganja, hivi,
mguu wa kushoto tayari juu ya pedali.
Lunde anasema nifungue tena, kuna springi imechoka.
Najua. Springi ya senti sitini.
Nitafungua baada ya mavuno.
Labda.