Unywele

Siku ya tatu tunatafuta tundu.
Bomba la chuma, urefu wa mchi;
pampu inanguruma tangu alfajiri hapa Chimwaga
na sindano ya geji imegoma palepale
kama punda njia panda.

Daktari Ndahani hana maneno mengi. Ananipa sirinji ya spiriti:
"Tone moja kila kiungo. Sindano ikiruka, hewa inaingilia hapo."
Elektroni, anasema, haikimbii katikati ya mnada wa Msalato.
Hutaka njia tupu,
tupu kuliko mbuga ya Bahi mwezi wa Oktoba.

Mashine kubwa hatuna. Tuna koili nilizozungusha mwenyewe
kwa waya wa mota ya kisima iliyoungua,
tuna programu ya kukisia mwale, na umeme ukikatika
mwale nao hulala, hesabu zinaanza upya.
Tulikuwa watano. Mmoja kaacha, yuko benki, ana gari.

Kiungo cha saba, sindano ikaruka.
Tukafungua bolti. Juu ya mpira wa kuzibia
umelala unywele mmoja, wa kipilipili.
Wangu.

Jumamosi, Hombolo, mama ananisuka,
magoti yake yamenibana mabega.
"Hiyo shahada ya pili ni ya kazi gani, Sechelela?"
Nikamsimulia tundu, na hospitali,
na uvimbe unaochomwa kwa mwale bila kisu.
Akanyamaza.
Akafumua mstari aliokwisha kuumaliza,
akausuka tena, akavuta hadi machozi yakanitoka.
"Tulia. Usibaki hata mmoja nje."