Hodi

Kinyundo cha mpira kilipiga hodi
mara tatu, kama mgeni aliyefunzwa,
na goti halikuitika.
Asiyekaribishwa hodi ya tatu hurudi alikotoka;
Daktari Catriona akarudi kesho, na kesho kutwa,
wiki tano, mvua ya Glasgow ikisukuma dirisha.
Miguu yangu ilikuwa pale, shukani,
kama suruali ya mtu mwingine.

"Ugwe wa mgongo umepigwa na bumbuwazi," alisema.
"Kunyamaza si kufa."
Mimi nilikuwa bado kwenye ngazi,
mfereji wa paa la jirani kule Govan, majani yaliyooza,
kisha anga chini, ardhi juu.

Asubuhi moja ya Machi
akanikwaruza unyayo kwa ncha ya ufunguo:
kidole gumba kikapanda, taratibu, kikaelekea dari.
Salha, mwanangu, alipiga kelele wodi nzima ikasikia:
"Baba, kimekuja!"
Daktari akavuta kiti, akakaa kabla ya kusema.
Nikajua. Habari njema husemwa wima.
"Mtoto mchanga hufanya hivyo.
Mgongo umejijibu wenyewe. Kichwa hakina habari."

Basi nyumba iliyokuwa kimya ikawa ya fujo.
Blanketi likigusa paja, goti larusha chai.
Kifundo chapiga cherehani usiku kucha,
chashona sijui nguo ya nani.
Kibofu nacho kimefungua duka lake,
saa ya kufunga hakiniulizi.
Niliutukana mguu. Kisha nikaanza kuutega:
ukikakamaa ukawa mti, naudandia
kutoka kitandani hadi kitini,
kama avukaye mto kwa gogo la kuazima.

Alhamisi, Catriona akashika kinyundo.
"Leo usijaribu kuinua. Jaribu kukataa."
Kukataa nini, nami sikuwahi kuruhusu?
Akagonga. Goti likaruka.
Nikalikaripia moyoni, kwa sauti ya mama
akitusikia tukicheza wakati wa sala: Tulia!
Akagonga.
Likaruka nusu.

Tukatazamana. Hakuandika kitu.
Miezi yote nilikuwa nimengoja neno "nenda"
literemke huko chini,
kumbe lililotangulia
lilikuwa neno la kuzuia.

"Tena," nikasema.
Kinyundo kilikuwa tayari hewani.