Sampuli ya Saba

Alfajiri, upande wa Karpati usiofikiwa na jua mapema,
Piroska amepiga magoti kwenye chemchemi waiitayo Nyekundu,
anauchoma mdomo wa bomba kwa moto wa gesi
hadi chuma kilie.
Anahesabu moja hadi sitini kwa Kihungaria,
kama alivyohesabishwa kondoo utotoni.
Kisha maji: povu, harufu ya kutu,
baridi inayouma mpaka kiwikoni.
Chupa ya saba. Kifuniko. Sanduku la barafu.

Nyuma yake foleni. Gergő, dereva wa teksi,
ana madumu manane na hasira moja.
"Baba alikunywa hapa miaka themanini na mmoja,
hakuharisha hata siku moja."
Piroska anafuta glavu kwa spiriti. Hajibu.
Barabara ni mbovu, na sampuli ina saa kumi na mbili tu za kuishi.

Maana sheria ya maji haya ni ngumu kuliko ya wanadamu:
hayachemshwi, hayatiwi klorini, hayarekebishwi.
Yanywewe yalivyozaliwa, ama yafungwe.
Wala haulizi kama yana uhai. Yanao.
Wamo wenyeji, wadogo kuliko majina yao,
waliozoea giza la mwamba na njaa yake,
wasiomdhuru mtu.
Anachouliza ni kimoja: nani kaingia bila hodi?

Maabara. Robo lita inapita kwenye chujio
jeupe, la miraba, upana wa sarafu.
Sahani moja kwenye kabati la nyuzi thelathini na saba,
joto la tumbo la mtu,
kwani mgeni wa tumboni hujulikana kwa kutamani kwao.
Nyingine kwenye ubaridi, kwa ajili ya wenyeji.

Siku ya pili, moja hadi sita: weupe mtupu.
Ya saba, chini ya taa ya zambarau,
doa moja la kijani linang'aa,
zuri, Mungu anisamehe, kama jicho la paka.

Alirudi. Akateka maji jiweni penyewe,
hatua mbili nyuma ya bomba: safi.
Bombani: doa.
Kati ya jiwe na bomba, kipande cha mpira
alichokifunga Gergő majani yalipokuwa yakipukutika,
kwa mkono wake, kwa pesa yake,
ili wanaougua mgongo wasiiname.

Wema nao huota utelezi kwa ndani.

Alimwambiaje? Sijui.
Najua tangazo lilikaa siku kumi na tisa,
na kwamba alikuja na kisu na spana,
akaukata mpira ule vipande vidogo,
vidogo kuliko ilivyohitajika.

Ile sahani ya baridi Piroska aliisahau.
Alipoikumbuka, wenyeji walikuwa wamechanua:
vitone vya manjano, vya maziwa, vya rangi ya chai.
Akawahesabu wote, mia moja arobaini na mmoja,
akaandika,
akaenda kunawa mikono.