Chaki Sakafuni

Jumanne ile, maziwa yalipoganda mara ya tatu kwenye ndoo za Eliapenda
(gari la kiwanda halikuja, wala halikuomba radhi),
tulisukuma madawati ya darasa la nne ukutani,
Ndeonasia akapiga magoti na kipande cha chaki:
"Leo hatuhesabu hela. Leo tunachora zinakopita."

Akauchora mlima, mkubwa kupita kiasi.
Akachora mfongo, migomba, zizi,
barabara ya lami, Kiboriloni, na chini kabisa Kahe.
Kila mtu aweke alichouza wiki hii,
kisha aweke alichonunua.
Maharage yakawa ndizi, punje za mahindi maziwa,
mayai tukayafanya vifuniko vya soda.

Mistari ikaanza kukimbia.
Ndizi mshare: lori, usiku, Dar es Salaam.
Kahawa: gunia, mnada, kwaheri ya kutoonana.
Ya kurudi ilikuwepo, myembamba:
maziwa ya kopo,
sembe ya dukani yenye picha ya mlima kwenye mfuko.
Mlima wetu, jamani, tumeununua kwa kilo.
Kaanaeli asiyecheka akacheka.

Wahenga walisema, pakacha kuvuja ni nafuu ya mchukuzi.
Mchukuzi yupi huyo?
Letu lilivuja tangu enzi za babu
na mgongo uliuma vilevile.
Nikaliandika hilo daftarini. Mimi ndiye mweka hazina.

Manka, msafishaji wa shule, alikuwa mlangoni na ufagio,
akisubiri tuondoke.
"Na mavi je?" akauliza.
"Mavi ya ng'ombe hamjayachora."

Nakijwa wa Kahe, aliyekuja tu kudai deni lake la mbegu,
akainua kichwa.
Udongo wake umechoka, alisema, unatoa mahindi kwa kinyongo.
Mabua? Huyachoma kila Agosti, moshi mpaka relini.
Eliapenda akamtazama kama mtu aliyeibiwa:
Septemba yote ng'ombe wake hula magome.

Hapo Nakijwa akachukua chaki mwenyewe.
Mstari wa mabua ukapanda.
Mstari wa mbolea ukashuka.
Ilikuwa mara ya kwanza sakafuni pale
kitu kuondoka na kurudi.

Basi kila mmoja akataka chaki.
Machicha ya mbege yakaenda kwa nguruwe wa Anaeli,
maganda yakafuata,
maziwa ya asubuhi yakavuka uwanja tu, hatua sitini,
hadi kwenye vikombe vya wenye madawati yale.
Gari la kiwanda tukalichora pembeni, dogo, kama mgeni
anayekaribishwa akija na kutosubiriwa asipokuja.

Sisemi ilikuwa rahisi.
Mabua ya kwanza yalifika yameoza.
Na kuna mtu alitia maji kwenye maziwa. Simtaji,
tunakula sufuria moja.
Wengine walisema afukuzwe.
Ndeonasia akasema, tukimfukuza
tumetoboa pakacha kwa mkono wetu.
Tukarudi sakafuni tukamchora naye:
kipimo mlangoni, faini ya majani mizigo minne,
na mstari wa kumrudisha.
Huo ulituchukua usiku mzima kuliko yote.

Manka alideki alfajiri.
Maji ya chaki akayamwaga kwenye mgomba nyuma ya darasa,
hakutuuliza.
Hatujachora tena. Miguu inajua.

Daftari linakosa elfu kumi na nne, nazitafuta bado.
Lakini sasa hivi, niandikapo, nasikia pikipiki ya Nakijwa
ikihema kwenye kona ya mwisho,
mzigo wa mabua mpana kuliko barabara,
ukifagia majani ya kahawa huku na huku,
na ng'ombe wa Eliapenda
wameshaanza kuita.